VIJUMBA VYA RELI YA MFANO: KUVIFUFUA KWA PESA KIDOGO

Katika chumba cha Jiografia mna reli ya mfano iliyotoka Uingereza: garimoshi, stesheni na ghala la mizigo, vyote vya plastiki. Vijumba vimechakaa, na mwalimu ametuambia visipopendeza kufikia Siku ya Wazazi vitatupwa jalalani. Chama hakina pesa. Basi mimi na wenzangu wawili tukashika kazi.

Jambo kubwa ni vipimo. Reli hii ni ya 1:76, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 76. Mtu wa sentimita 170 anakuwa wa sentimita 2.2 hivi, na mlango wa mita 2 unakuwa sentimita 2.6. Sasa, wengi hupenda kuezeka kwa katoni iliyochunwa ili mawimbi yake yafanane na mabati. Lakini wimbi moja la katoni ni kama milimita 7. Zidisha kwa 76: zaidi ya nusu mita! Mabati gani hayo jamani? Mawimbi ya mabati ya kawaida huachana kwa sentimita 7.6, kwa hivyo kwenye mfano ni milimita 1 tu. Sisi tulibandika karatasi ya kung'aa ya pakiti za sigara (stendi ya matatu zimejaa tele) juu ya manila, tukaweka gazeti chini, tukachora mistari kwa biki iliyokwisha wino, milimita kwa milimita. Macho yaliuma, lakini paa lilitokea paa kweli.

Plastiki nayo hung'aa, ilhali ukuta wa matofali haung'ai. Ioshe kwa sabuni, ikikauka ipige msasa kidogo, kisha ipake rangi ya ukutani isiyong'aa. Yetu ilikuwa masalio ya rangi ya madarasa. Tulichonunua ni msasa na gundi ya mbao tu.

Uchafu pia una kanuni zake. Masizi ya garimoshi la makaa hutua juu, mvua ikayateremsha. Kwa hivyo vumbi la makaa lipakwe kwa brashi kavu kutoka juu kwenda chini, wala si ovyo ovyo. Anayetaka kuona kutu inavyoshuka kutoka penye msumari azuru Makumbusho ya Reli, Nairobi, yaliyofunguliwa 1971.

Halafu usiache jengo lielee! Ziba mwanya wa chini kwa mchanga laini na gundi iliyozimuliwa kwa maji.

Ghala limekwisha. Stesheni imebaki madirisha, na mwenye karatasi safi ya nailoni atuletee.