Somo la Kutimiza Ahadi: Habari ya Kaab bin Malik

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ahadi ya mja kwa Mola wake hutamkwa kwa ulimi mara moja, na hutimizwa kwa vitendo umri mzima. Katika umri huo mja hukosa. Walakini lililo baya kuliko kosa ni kulifunika kwa uwongo, au kutafuta bwana mwingine baada ya kuadhibiwa. Dalili ya maneno haya ni habari ya Kaab bin Malik, iliyopokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim.

Kaab alikuwa Ansari na mshairi wa Madina, naye ni katika waliompa Mtume (s.a.w.) mkono wa ahadi usiku wa Akaba. Mwaka wa 9 wa Hijra (630), Mtume alipotoka kwenda Tabuk, jua lilikuwa kali, na matunda na vivuli vikipendeza. Kaab hakuwa mgonjwa wala fukara. Alikuwa na ngamia wawili, na kabla ya hapo hakupata kuwa nao wawili pamoja. Wala hakukataa kwenda. Kila asubuhi alitoka ajitayarishe, akarudi hali hakufanya kitu, akijiambia kuwa uwezo anao. Hata jeshi likaondoka, akaazimu kulifuata. Nalo likawa mbali.

Mtume aliporejea, watu zaidi ya 80 walimwendea wakatoa nyudhuru na kuapa. Akapokea dhahiri yao, na siri zao akamwachia Mwenyezi Mungu. Kaab alikuwa fasihi wa kusema, walakini alijua kuwa akimridhisha Mtume leo kwa uwongo, Mungu hatakawia kumfanya Mtume amkasirikie. Akakiri kwamba hakuwa na udhuru wowote. Mtume akamsadiki, akamwamuru angoje hukumu ya Mola wake. Murara bin Rabi na Hilal bin Umayya nao walisema kweli kama yeye.

Ndipo watu wakakatazwa kusema na hao watatu. Kaab alikwenda sokoni na msikitini, wala hapana aliyesema naye. Akapanda ukuta wa shamba la Abu Katada, binamu yake na kipenzi chake, akamtolea salamu, hakuitikiwa. Katika dhiki hiyo akaletewa barua ya mfalme wa Ghassan, akimwita kwake apate kuheshimiwa. Kaab akajua kuwa huo ni mtihani mwingine, akaitia tanurini ikaungua. Zilipotimia siku 40 akaamriwa ajitenge na mkewe, akatii.

Hata alfajiri ya usiku wa 50, alipokwisha sali juu ya dari ya nyumba, akasikia mtu juu ya mlima wa Sal akipaza sauti kumbashiria. Akaanguka kusujudu. Toba yao imetajwa katika Sura ya Tawba, aya ya 118. Na aya ya pili yake yawaamuru waumini wawe pamoja na wakweli.

Katika habari hii mna faida tatu.

Ya kwanza: ahadi huvunjwa na kukawia kabla ya kuvunjwa na kukataa. Wangapi hawakuikana sala wala zaka, ila huiahirisha mpaka kesho, na kesho haiji!

Ya pili: udhuru wa uwongo hupokewa na watu, wala haupokewi na Yule ajuaye yaliyomo vifuani. Kweli ilimtia Kaab katika dhiki ya siku 50, nayo ndiyo iliyomtoa.

Ya tatu: imani ya mtu hupimwa siku anapowachwa peke yake. Kaab alifungiwa milango ya jamaa zake, akafunguliwa mlango wa mfalme. Asiuingie, akabaki mlangoni pa Mola wake.

Baada ya hayo akaahidi kutosema ila kweli muda wa uhai wake.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kuwa wakweli katika ahadi zao, na awapokelee toba zao. Amin.