Tezi za kifuani: sindano kwanza, dawa baadaye

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa miaka 38, naishi Tanga. Nina kikohozi kikavu cha muda mrefu, uchovu na nimepungua uzito. Makohozi yalipimwa mara mbili, hayakuonyesha TB, lakini nilianzishiwa dozi nikaimaliza miezi 6 bila nafuu. Kipimo cha CT kimeonyesha tezi zimevimba pande zote mbili za kifua. Daktari anahisi ni sarkoidosisi, amenipa rufaa nikachomwe sindano kupitia koo. Mama yangu anakataa, anasema uvimbe ukichokonolewa unageuka saratani. Siwezi kupewa dawa tu?

JIBU: Pole, dada yangu, kwa kuugua muda wote huo. Nenda kachomwe hiyo sindano. Umekwisha kunywa dawa za miezi 6 kwa ugonjwa ambao haukuthibitishwa. Sitaki uanze nyingine kwa kubahatisha.

Sarkoidosisi hutokea pale seli za kinga ya mwili zinapojikusanya na kutengeneza vivimbe vidogo sana viitwavyo granuloma. Ugonjwa huu hauambukizi, kwa hiyo watoto wako wako salama, na si saratani. Unaweza kuingia machoni, kwenye ngozi, ini au moyo, lakini kwa zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 hugusa mapafu au tezi za kifuani.

Tezi zikivimba sawasawa pande zote mbili, daktari huufikiria ugonjwa huu. Lakini kifua kikuu nacho huvimbisha tezi hizo hizo, na saratani ya tezi, yaani limfoma, vilevile. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na makohozi yasiyo na vimelea hayatoshi kusema tezi nazo hazina. Dawa kuu ya sarkoidosisi ni prednisoloni, ambayo hupunguza nguvu ya kinga. Ukipewa kumbe una TB, vimelea vitapata nafasi ya kusambaa. Ukipewa kumbe ni limfoma, tezi zitanywea kwa muda, utajisikia vizuri, na kinyama kitakachochukuliwa baadaye huenda kisionyeshe kitu. Hilo la pili ndilo linalonitisha zaidi, kwa sababu mgonjwa huondoka akishukuru.

Wapo wachache wasiohitaji kuchomwa. Mtu mwenye tezi hizo akiwa pia na homa, vifundo vya miguu vilivyovimba na mabaka mekundu yenye maumivu kwenye miundi, mara nyingi hutambuliwa kwa dalili hizo tu. Wewe hukuzitaja.

Sasa sindano yenyewe. Koo litapuliziwa ganzi na utachomwa dawa ya kukusinziza. Mrija unaopindika, wenye unene wa takriban milimita 7, hupitishwa mdomoni hadi kwenye njia za hewa. Tezi zimejificha nyuma ya ukuta wa njia hizo, kamera haizifikii; ndiyo maana ncha ya mrija ina kifaa kidogo cha ultrasaundi. Kwenye skrini tezi huonekana kama doa la kijivu, na mishipa ya damu huwekewa rangi ili ikwepwe. Kisha sindano inachomoza, inatoboa ukuta, na daktari anaiona ikiingia ndani ya tezi kama mstari mweupe. Anaichezesha mbele na nyuma, anaitoa, anarudia, kwa kawaida angalau mara tatu kwa kila tezi. Kinachopatikana ni damu kidogo yenye vipande vyembamba kama nyuzi.

Hapo ndipo ninapokuomba uulize swali moja kabla ya kusaini fomu: je, sehemu ya sampuli itapelekwa maabara ya TB? Vipande vya patholojia hutiwa formalini, na formalini huua vimelea, havioti tena. Sehemu nyingine lazima iwekwe kwenye maji ya chumvi ya hospitali, ipimwe TB kwa mashine ya GeneXpert na kuoteshwa. Majibu ya kuotesha huweza kuchukua hadi wiki 6. Vumilia, yana thamani.

Mwambie mama, kwa heshima zote, kwamba sindano haigeuzi uvimbe kuwa saratani. Saratani ikionekana, ilikuwamo tangu awali. Zamani tezi hizi zilifikiwa kwa kupasuliwa juu ya mfupa wa kidari chini ya usingizi mzito. Utafiti wa nchi 6 uliochapishwa mwaka 2013, wenye wagonjwa 304, ulionyesha kuwa uchunguzi wa sindano na ultrasaundi, kupitia njia ya hewa au umio, uligundua granuloma kwa asilimia 80, dhidi ya 53 kwa bronkoskopi ya kawaida ya kuchukua vinyama vya mapafu. Madhara makubwa yalikuwa machache.

Usile kwa saa 6 kabla. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, sema mapema, usiziache kwa uamuzi wako. Nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani. Kukwaruza koo na makohozi yenye damu kidogo ni kawaida. Damu nyingi, kubanwa pumzi au homa isiyoshuka, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Wasipopata kitu, kuna njia nyingine za kuchukua kinyama, msikate tamaa. Ikithibitika sarkoidosisi, macho yako yachunguzwe na moyo upimwe hata kama huhisi lolote huko. Wagonjwa wengi hupona bila dawa, hivyo usishangae ukiambiwa usubiri huku ukifuatiliwa. Na kwa sasa usinunue vidonge vya vitamini D wala kalsiamu, hata kama duka la dawa wanakushauri kwa ajili ya uchovu: sarkoidosisi yenyewe huweza kupandisha kalsiamu kwenye damu na kuumiza figo.