Miezi Mitatu ya Mwisho ya Ujauzito: Tujiandae Pamoja



Mariamu alipokwenda kwa Elisabeti, mimba ya Elisabeti ilikuwa na miezi sita, naye alikaa huko kama miezi mitatu (Luka 1). Kipindi hicho ndicho somo letu: tangu wiki ya 28 hadi kujifungua, karibu na wiki ya 40. Shinyanga na machimbo ya Geita, wanawake wengi hukipitia wakiwa mbali na mama zao, na mume yuko machimboni. Kwa hiyo ni kazi ya usharika pia.

A. Mabadiliko ya kawaida

Mtoto hukua kutoka takriban kilo 1 hadi kilo 3. Mama huchoka upesi, hukojoa mara kwa mara, hupata kiungulia, maumivu ya mgongo na miguu kuvimba kidogo jioni. Tumbo huweza kukaza bila mpangilio, kisha likatulia akipumzika. Uchungu wa kweli huja kwa mpangilio na huzidi. Mtoto huendelea kucheza hadi azaliwe. Si kweli kwamba huacha kwa kuwa siku zimekaribia.

B. Dalili za hatari

Ikionekana hata moja, mama apelekwe kituo cha afya mara moja, usiku au mchana:

1. Kutokwa damu ukeni, hata bila maumivu.
2. Kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, uso na mikono kuvimba. Hizi hutangulia kifafa cha mimba.
3. Degedege au kuzimia.
4. Homa kali au maumivu makali ya tumbo.
5. Mtoto kupunguza au kuacha kucheza.
6. Chupa kupasuka kabla ya uchungu.

C. Hatari za mazingira yetu

Zebaki: Dhahabu inapochomwa, mvuke wa zebaki huingia katika damu ya mama, hupita kondo la nyuma na huweza kudhuru ubongo wa mtoto. Tanzania iliridhia mwaka 2020 Mkataba wa Minamata, unaozitaka nchi kukomesha uchomaji huo katika makazi ya watu. Mume asichomee nyumbani, na abadilishe nguo za kazi kabla ya kuingia ndani.

Kuponda mawe: Kazi hii ni nzito na ina vumbi, lakini kwa wengi ndiyo chakula cha siku. Kamati ikimwambia mjamzito aiache, ijiulize pia atakula nini.

Udongo: Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wajawazito 340 wa Geita ulionyesha kwamba karibu nusu walikula udongo. Udongo huo ulipopimwa ulikutwa na arseniki.

Malaria: Alale ndani ya chandarua, na ameze SP na vidonge vya kuongeza damu kama anavyoelekezwa kliniki.

D. Kamati ifanye nini?

1. Kuhimiza kliniki. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio 8. Matano ni ya kipindi hiki: wiki ya 30, 34, 36, 38 na 40.
2. Kukubaliana na familia mapema nani ataamua mama apelekwe hospitali ikiwa mume hapatikani.
3. Kupanga usafiri, akiba na watu wa kuchangia damu. Namba 115 ya mfumo wa m-mama hupigwa bure. Gari la wagonjwa lisipopatikana, hutafutwa dereva wa jamii.
4. Kumsaidia anayeishi mbali, au aliyewahi kufanyiwa upasuaji, ahamie karibu na hospitali kabla ya siku zake.

Takwimu za kitaifa za 2022 zilionyesha vifo vya uzazi 104 kwa vizazi hai 100,000, kutoka 556 mwaka 2015/16. Tunashukuru. Hata hivyo, mama aliyekosa gari usiku bado yuko hatarini.

Maswali ya kujadili

1. Je, tunawafahamu wajawazito wa mtaa wetu walio katika kipindi hiki?
2. Usiku wa leo mmoja akitokwa damu, nani atapiga simu, na nani atabaki na watoto wake?