Memori ya Seva Imejaa: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Seva inayoripoti kwamba memori imetumika asilimia 97 mara nyingi ni nzima kabisa. Madhara huanza pale msimamizi anapoizima na kuiwasha kabla hajasoma chochote. Hapa nazungumzia Linux. Unajua kusoma namba; basi zisome.

FANYA: Soma safu ya available

Andika `free -h`. Hii ni seva ya GB 16, tena yenye afya:

total 15Gi, used 4.9Gi, free 310Mi, buff/cache 10Gi, available 10Gi

Safu ya free inasema MB 310, na hapo ndipo watu wanapopigiana simu usiku wa manane. Iache. Kerneli huchukua memori isiyo na kazi na kuweka humo nakala za mafaili yaliyosomwa kutoka diskini, ili yakihitajika tena yasisomwe upya. Programu ikiomba nafasi, sehemu kubwa ya nakala hizo huachiwa papo hapo. Safu ya available ni makadirio ya kerneli yenyewe: programu mpya zinaweza kupewa kiasi gani bila kugusa swapu. Makadirio hayo yapo kwenye kerneli tangu toleo la 3.14, mwaka 2014. Hapo pana GB 10. Rudi ukalale.

USIFANYE: Usifute kashe

`echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches` ni chombo cha majaribio, si dawa. Nimekuta ofisi iliyoiweka kwenye cron. Kila saa ilipotimia, hifadhidata ililazimika kusoma upya diskini data ileile iliyokuwa memorini sekunde moja kabla. Grafu ya memori ilipendeza, malipo ya wateja yakakwama. Ukiona mstari huo kwenye seva yako, ufute leo.

USIFANYE: Usijumlishe safu ya RES kwenye top

PostgreSQL ikiwa na shared_buffers ya GB 4, kila mchakato wake unaweza kuonyesha RES inayokaribia GB 4. Ni GB 4 zilezile, zimehesabiwa upya kwa kila mmoja. Michakato 50 itakupa GB 200 ndani ya mashine ya GB 16. Na wapo wanaoandika ripoti ya namna hiyo na kumpelekea bosi ombi la kununua seva mpya.

FANYA: Tumia Pss

Iko kwenye `/proc/PID/smaps_rollup`. Yenyewe hugawa memori ya pamoja kwa wote wanaoitumia, kwa hiyo inajumlishika. Jumla ikiwa bado ndogo mno kuliko used, mlaji si mchakato: angalia `slabtop`, kurasa kubwa zilizotengwa kwenye `/proc/meminfo`, na ARC ya ZFS, ambayo haihesabiwi kwenye buff/cache.

FANYA: Angalia mwendo wa swapu, si kiasi chake

Swapu yenye GB 2 zilizotulia haidhuru mtu. Ni kurasa ambazo hakuna aliyeziulizia kwa muda mrefu. Andika `vmstat 1`, ruka mstari wa kwanza kwa sababu huo ni wastani tangu mashine ilipowashwa, kisha tazama safu za `si` na `so`. Zikiwa sifuri, tulia. Zikipanda zote mbili na zisishuke, seva inahangaika kweli. Thibitisha kwa `cat /proc/pressure/memory`: mstari wa full, kwenye avg10, hukuonyesha asilimia ya muda ambao kazi zote zilisimama kusubiri memori. Hii ndiyo namba ya kuwekea kengele.

USIFANYE: Usiandike swapoff -a wakati seva imebanwa

Unaiamuru irudishe kila kitu kwenye memori ambayo haipo.

USIFANYE: Usiupige kill -9 mchakato wa hifadhidata

Ukimuua hivyo mtoto mmoja wa PostgreSQL, mzazi wake hukata miunganisho yote na kuanza kujirekebisha, kwa sababu hawezi kuamini tena memori ya pamoja. Ulitaka kuondoa swali moja zito, umewaangusha watu wote. Tumia `pg_terminate_backend`.

FANYA: Soma logi ya kerneli kabla ya kumlaumu aliyekufa

`dmesg -T | grep -i 'killed process'`. Memori ikiisha kabisa, kerneli humchinja mnene, si mwenye kosa. Skripti ya kupunguza picha inavuja polepole, hifadhidata ndiyo inayouawa, na timu nzima inatumia wiki kuichunguza hifadhidata. Panda juu kidogo kwenye logi: ipo orodha ya michakato yote iliyokuwa hai dakika ile. Safu ya rss huko imehesabiwa kwa kurasa, ambazo kwenye mashine nyingi ni za KB 4. Zidisha kwa nne ndipo upate KB. Ukiwasha upya kabla ya kuhifadhi logi, huenda ushahidi huo ukaupoteza.

FANYA: Piga hesabu kabla ya kupandisha mipaka

work_mem ya PostgreSQL huanzia MB 4, nayo ni kwa kila upangaji, si kwa seva nzima. Ukiweka MB 256 na miunganisho 100, umeahidi GB 25, na swali moja linaweza kupanga mara kadhaa.

USIFANYE: Usiiamini free ndani ya kontena

Kwa kawaida huonyesha memori ya mashine nzima. Mpaka wako uko kwenye `/sys/fs/cgroup/memory.max`, na matumizi yako kwenye memory.current, kashe ikiwemo. Wala usiipe Java -Xmx iliyo sawa na mpaka huo: staki za nyuzi na metaspace zinakaa nje ya hipu, na kontena litauawa siku wateja watakapoongezeka. Kontena la GB 2? Anza na `-Xmx1400m`.