Hita ya Lori Inapovuja: Fundi Anajibu

Lori lililoundwa kwa ajili ya Ulaya au Japani huja na hita, yaani shofaje, hata likiishia Kindu, mita kama 500 juu ya usawa wa bahari na digrii tatu tu kusini mwa ikweta. Moyo wa hita hiyo ni rejeta ndogo iliyofichwa chini ya dashibodi. Hapa kwetu hakuna anayeifikiria mpaka ianze kumwaga maji. Haya ndiyo maswali tunayoulizwa zaidi gereji.

Kapeti ya upande wa abiria inalowa kila mara. Nitajuaje kama ni mvua au ni rejeta ya shofaje?

Subiri siku kavu. Mvua hulowesha kapeti inaponyesha; hita huilowesha injini ikishapata moto, hata jua likiwa linawaka. Kama rejeta yako ina kulanti, sugua unyevu huo kwa vidole: unateleza, na harufu yake ni tamutamu. Usionje, ni sumu. Tazama pia kioo cha mbele kwa ndani. Mvuke wa kulanti huacha utando wa mafutamafuta ambao ukiufuta unapakaa tu. Anayetumia maji matupu hana harufu ya kumsaidia, basi atafute doa la kutu kwenye kapeti na chini ya sanduku la hita.

Kabla ya kufungua chochote, washa injini ipate moto, fungua koki ya hita, kisha gusa mipira miwili inayoingia kabini. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, rejeta ndogo imeziba. Yote miwili ikiwa baridi, huenda koki imeganda au kuna hewa ndani ya mfumo.

Mafundi wananiambia niitoe tu, Kindu hakuna baridi. Wana haki?

Kwa lori linalozunguka Kasuku na Mikelenge hapa mjini, wana haki, na mimi mwenyewe sitakudai pesa ya kubomoa dashibodi nzima kwa ajili ya joto usilolihitaji. Lakini uliza kwanza lori linakwenda wapi. Bukavu iko mita kama 1,500, na shofere anayelala kabini huko usiku wa mvua anajua baridi ni nini. Hata hapa chini, mvua ikishuka kwa nguvu na watu watatu wamebanana kabini na nguo zilizolowa, kioo kinafunga ukungu kwa ndani. Hewa iliyopashwa moto hubeba unyevu zaidi, kwa hiyo hita inasafisha kioo haraka kuliko kitambaa. Ukifungua dirisha utapata nafuu, na mvua pia.

Kuna faida nyingine ambayo mashofere wengi hawaijui. Hita ni rejeta ya pili. Sindano ya joto ikianza kupanda mlimani ukiwa na mzigo, fungua hita mpaka mwisho na washa feni yake. Joto litakuunguza miguu, lakini linatoka kwenye injini. Mara nyingi hiyo inatosha kukufikisha mahali pa kusimama pasipokuwa na tope.

Nikiamua kuiruka kwa muda, nizibe mipira kwa bolti au kwa mti?

Hapana. Mti huruka maji yakipata moto na shinikizo kupanda, na utapoteza maji yote porini. Tena katika injini nyingi za zamani maji ya hita yana kazi: thermostati ikiwa bado imefunga, ndiyo yanayoendelea kuzunguka kati ya silinda hedi na pampu. Ukiyaziba, sehemu moja ya injini inaweza kuchemka huku sindano ikikudanganya kwamba mambo ni mazuri. Unganisha mipira miwili kwa kipande cha bomba la chuma au la shaba. Mipira mingi ya hita ni ya milimita 16 au 19 kwa ndani, hivyo pima kabla ya kukata bomba. Weka kibana kila upande, kisha ufunge mpira mbali na ekzosi.

Jirani yangu anatia yai na pilipili katika rejeta. Inasaidia?

Inaziba tundu, ndiyo. Ila yai halichagui tundu la kuziba, na njia nyembamba kuliko zote ni zile za rejeta ya hita. Nimefungua nyingi zilizojaa uji mgumu. Kama umekwama njiani usiku, fanya. Ukifika, toa maji yote na usafishe mfumo.

Spea ya Mercedes ya zamani nitaipata wapi? Kindu wananiambia haipo.

Usiulize kwa jina la gari, uliza kwa vipimo. Hapa ndipo watu wanapoteza pesa, kwa sababu modeli moja ilitoka kiwandani ikiwa na masanduku ya hita ya aina mbili tatu. Toa ya zamani kwanza. Pima urefu, upana na unene wa sehemu yenye mapezi, kipenyo cha midomo miwili kwa nje, na uandike kama midomo iko upande mmoja au pande mbili. Piga picha pembeni ya rula, ndipo utume kwa mtu wa Bukavu, Goma au Lubumbashi. Akikosa, kuna mitaa ya spea ya Gerezani pale Kariakoo, Dar es Salaam, soko la Kisekka mjini Kampala, na Kirinyaga Road kule Nairobi. Rejeta ya hita ni nyepesi, hivyo haina haja ya kungoja treni ya shirika la reli, SNCC. Mtu anayekuja kwa ndege anaibeba kwenye begi.

Ikitofautiana kidogo kwa upana, si neno, pengo litazibwa na sponji. Ikiwa nene kuliko sanduku, iache.

Iliyotumika ijaribu kabla ya kulipa. Ziba mdomo mmoja, izamishe ndani ya beseni, sukuma hewa kwa pampu ya baiskeli mpaka kama baa moja, ungoje. Kibubujiko kimoja kinatosha kuikataa. Na ile yako ya zamani usiitupe. Ikiwa ni ya shaba, fundi anayejua kuchomelea kwa risasi ya bati anaweza kuifufua. Ya alumini yenye vichwa vya plastiki haikubali kazi hiyo.

Kuifunga mwenyewe, nini kinaharibika zaidi?

Midomo. Watu huvuta mpira uliogandamana, na bomba jembamba linapinda au linapasuka kwenye kiungo. Mpira wa zamani uchane kwa urefu kwa wembe, uuvue kama ganda la ndizi, ununue mpya. Kabla ya hapo acha injini ipoe kabisa, mwaga maji, toa waya wa betri, na piga picha kila hatua ya dashibodi.

Sukuma maji safi ndani ya mipira kwa pande zote mbili mpaka yatoke meupe, la sivyo kutu ya injini itaziba rejeta mpya. Zungushia sponji ya godoro ili hewa ya feni ipite kwenye mapezi, isipite pembeni. Mpira mdogo wa kulinda tundu la ukuta wa kabini nao ukiwa umekwisha, badilisha, maana bati litakata mipira yako.

Kisha jaza maji polepole, koki ya hita ikiwa wazi na pua ya lori ikiwa juu kidogo. Kofia ya rejeta kubwa ikiwa nje, washa injini na ukamue mipira kwa mkono mpaka hewa iishe. Funga kofia, acha injini nusu saa, weka karatasi kavu chini ya viungo. Karatasi ikibaki kavu, ndipo urudishe dashibodi.

Nitie maji gani?

Ya mtoni yana tope, na tope linatua mahali maji yanapopita polepole, yaani ndani ya hita ambayo haifunguliwi miaka na miaka. Ya mvua ni bora zaidi, lakini peke yake hayazuii kutu. Changanya na kulanti nusu kwa nusu. Hapa hatuogopi barafu; tunataka dawa ya kutu iliyomo, na kuchemka kunakochelewa. Dumu lake liweke mbali na watoto na mbuzi. Koki ya hita ifungue dakika chache kila wiki.

Nimeweka mpya, kapeti ni kavu, lakini maji bado yanapungua.

Anza na kofia ya rejeta kubwa, mpira wake ukilegea maji hutoka kidogokidogo bila kuacha alama. Kama ni nzima, fungua kofia asubuhi injini ikiwa baridi na uiwashe. Ukiona vibubujiko vinapanda bila kukoma, au oili imegeuka nyeupe kama maziwa, gasketi ya silinda hedi imekwenda. Usilipakie lori hilo.