Ganzi ya Mshipa kwa Maumivu ya Kichwa na Uso

Kama umewahi kung'olewa jino kwa ganzi, kazi ya ganzi hii unaijua tayari. Dawa, mara nyingi lidokeini au bupivakeini, huwekwa karibu na mshipa wa fahamu ili usipeleke maumivu kwenye ubongo. Ganzi yenyewe huisha baada ya saa chache. Nafuu, kwa anayeipata, yaweza kudumu siku au wiki kadhaa.

Kisogoni

Ganzi ya kisogoni ndiyo inayotumika zaidi, na ndiyo inayowashangaza wagonjwa: jicho ndilo linaloniuma, mbona nachomwa kisogoni? Mishipa ya fahamu inayopanda kutoka shingoni hukutana na ile ya usoni kwenye shina la ubongo, hivyo ukituliza huku, kule nako huweza kutulia. Daktari hupapasa nundu ya mfupa iliyo nyuma ya kichwa, kisha huchoma pembeni yake kidogo, kuelekea sikioni. Ni suala la dakika chache. Husaidia baadhi ya wenye kipandauso, maumivu ya kisogo, na yale makali yanayokuja kwa vipindi kuzunguka jicho moja. Kwa haya ya mwisho huongezwa steroidi, ambayo hupandisha sukari na mara chache hunyonyoa nywele pale ilipochomwa.

Puani

Hapa si lazima sindano. Kijiti chenye pamba iliyolowa lidokeini huingizwa taratibu hadi nyuma ya pua. Utasikia ladha chungu kooni. Baadhi ya hospitali huwapa ganzi hii kinamama wanaoumwa kichwa baada ya kuchomwa ganzi ya mgongo wakati wa kujifungua kwa upasuaji, ingawa tafiti bado zinapingana.

Usoni

Sindano huchomwa juu ya nyusi, chini ya jicho au kidevuni. Lakini maumivu yanayopiga kama shoti ya umeme unaponawa uso au kupiga mswaki huanziwa vidonge vya kabamazepini, si sindano. Wapo waliong'olewa meno mazima kwa sababu ya maumivu haya. Kabla hujakubali kung'olewa jino la pili, omba kuonwa na daktari wa mishipa ya fahamu.

Kabla ya kuchomwa

Mweleze daktari kama una kisukari, mzio wa ganzi, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au uliwahi kupasuliwa fuvu. Na kichwa kikiuma ghafla na kwa ukali kuliko ulivyowahi kuumwa, au kikiambatana na homa na shingo kukakamaa, mdomo kupinda au mkono kulegea, usingoje miadi ya ganzi. Nenda hospitali saa hiyohiyo.