SOMO LA MIFUGO: JE, MTAMBA WAKO YUKO TAYARI KWA MAONYESHO?



Majira ya maonyesho ya kilimo yakikaribia, wakulima wengi wa skimu za Homa Bay na Migori huuliza, "Nipeleke ng'ombe yupi?" Swali hilo ni jema, lakini liko jingine linalotangulia: "Je, ng'ombe huyu yuko tayari mwaka huu, au yafaa angoje mwaka ujao?" Somo la mwezi huu litakusaidia kulijibu ukiwa zizini kwako, kabla hujalipa nauli ya lori.

Kwanza fahamu maana ya mashindano haya. Chama cha Agricultural Society of Kenya, ambacho asili yake ni mwaka 1901, huyaandaa maonyesho ili wakulima wajionee wenyewe mnyama bora yukoje. Mwamuzi hatafuti ng'ombe mnene kuliko wote. Hutafuta yule atakayemfaa mwenyewe kwa miaka mingi: mwenye mgongo ulionyooka, miguu imara, kifua kipana, na kiwele kilichoshikamana vizuri na mwili. Kwa hiyo, kumwandaa mnyama kwa maonyesho na kumtunza kwa faida ya shamba ni kazi moja. Ukiona kwamba matayarisho yanamdhuru mnyama, ujue umepotea njia.

Sasa mpime mtamba wako kwa mambo manne.

1. AFYA. Anza hapa, maana mengine yote yanategemea hili. Mtazame asubuhi kabla hajala. Manyoya yalale na kung'aa, macho yawe maangavu, pua iwe na unyevu. Kisha ufunue ukope wa chini uone rangi ya ndani. Ikiwa ni nyeupe badala ya kuwa nyekundu kidogo, damu yake imepungua. Bonde la Lambwe limejulikana tangu zamani kwa mbung'o, na wenye mashamba yanayopakana na Hifadhi ya Ruma, iliyotengwa mwaka 1966, wanaufahamu ugonjwa wa nagana. Ng'ombe mwenye nagana huweza kula vizuri na bado akakonda, manyoya yakasimama. Kupe nao huleta ndigana, na minyoo hunyonya nguvu polepole. Mnyama wa namna hiyo hahitaji brashi wala sabuni. Anahitaji kuonwa na Afisa wa Mifugo. Asipelekwe popote mpaka apone na kurudisha mwili wake.

2. MWILI. Usitegemee macho peke yake, tumia mkono. Bonyeza mbavu fupi zilizo nyuma ya mbavu za kifua, kisha upapase shina la mkia. Wataalamu hutoa alama tangu 1, yaani mifupa mitupu, hata 5, yaani mafuta yamefunika kila kitu. Mtamba wa kuonyeshwa apate 3 au kuzidi kidogo: unaihisi mifupa ukibonyeza, lakini huioni ukisimama mbali. Ng'ombe anayekamuliwa aweza kuwa chini kidogo ya hapo, kwa kuwa chakula chake chaenda katika maziwa.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wakiona siku zimebaki chache, humjaza mtamba pumba, molasi na mashudu ya pamba ili anenepe upesi. Tumbo la ng'ombe halipendi chakula kubadilishwa ghafula. Ataharisha, na huenda akavimbiwa. Tena, mtamba mchanga akinoneshwa kupita kiasi, mafuta huingia katika kiwele mahali ambapo sehemu za kutengeneza maziwa zingekua. Basi utapata utepe wa siku moja, na baadaye utakamua maziwa haba miaka yote. Chakula cha kuongeza kianze miezi 3 mbele, kidogo kidogo, pamoja na nepia nzuri, maji safi na chumvi ya kulamba.

3. UMRI NA WAKATI. Wanyama hushindanishwa kwa makundi ya umri, na meno husema kweli. Jozi ya kwanza ya meno makubwa ya mbele hutokea akiwa na umri wa karibu miaka 2, na kinywa hujaa akifika miaka 4 au zaidi. Mtamba aliyetimiza umri wa kundi juzi tu atasimama kando ya wenzake waliomzidi miezi mingi, naye ataonekana mdogo hata kama ni mzuri. Huyo mwache. Mwaka ujao huenda akawapita wote.

Kwa ng'ombe wa maziwa, hesabu huanza mapema zaidi. Kiwele huonekana vizuri wiki 4 hadi 8 baada ya kuzaa. Ng'ombe hubeba mimba siku 283 hivi. Tuseme maonyesho ni mwishoni mwa Julai. Ukitaka awe amezaa katikati ya Juni, yapasa apandishwe mwanzoni mwa Septemba ya mwaka uliotangulia. Mwenye mimba ya miezi 7 au zaidi abaki nyumbani, maana lori na msongamano havimfai.

Kumbuka pia kundi la uzao. Sahiwal, ambao kituo chao cha taifa kilianzishwa Naivasha mwaka 1962, hupendwa katika sehemu zetu zenye joto na kupe. Lakini chotara, hata akiwa mzuri namna gani, haingii katika kundi la uzao halisi. Kundi hilo ni la wanyama wenye hati za Kenya Stud Book. Uliza mapema yako makundi gani.

4. ADABU. Mtamba ambaye hajazoea kamba humburuta mwenyewe uwanjani, na mwamuzi hawezi kuona mwendo wake. Mfundishe kwa miezi 2 au 3, dakika chache kila siku: atembee polepole, asimame na miguu yote minne imara, akubali kuguswa na mgeni. Mpitishe karibu na soko au barabara ili azoee kelele. Kwato zikatwe wiki kadhaa kabla ya safari, si siku ya mwisho, ili akiumia kidogo apate nafasi ya kupona.

UAMUZI. Wiki 6 kabla ya maonyesho, mwite jirani anayejua ng'ombe, asiyeogopa kukuambia kweli. Mpitieni mtamba pamoja katika mambo hayo manne. Akipita yote, mwandikishe. Akishindwa katika adabu tu, bado kuna muda wa kumfundisha. Akishindwa katika afya, mwili au umri, mwache nyumbani bila kuona haya. Nenda wewe mwenyewe, simama kando ya uwanja, usikilize mwamuzi anapoeleza sababu zake. Utarudi na elimu, na mtamba wako atakuwa mzima.

Ukiamua kwenda, pata kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa Afisa wa Mifugo, na umwulize kuhusu chanjo, hasa ya ugonjwa wa miguu na midomo. Mkirudi, mtenge mnyama huyo mbali na wenzake kwa wiki 3. Uwanja wa maonyesho hukusanya ng'ombe wa kila mahali, na ugonjwa mmoja ukiingia katika skimu hautachagua boma la mshindi wala la aliyeshindwa.

Wazee walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtamba aliyengojewa mpaka akawa tayari hatahitaji kusemewa na mtu.

MASWALI YA KUJIPIMA
1. Kwa nini tunatazama ndani ya ukope wa ng'ombe?
2. Mtamba akinoneshwa kupita kiasi, hasara yake ni nini baadaye?
3. Ikiwa maonyesho ni mwishoni mwa Septemba, ng'ombe wako apandishwe mwezi gani?
4. Kwa nini mnyama hutengwa akirudi kutoka maonyesho?